Bibi Arobaini na Mmoja

Jumanne, 9 Oktoba 2007

Barua imefika. Tumekubaliwa! Mkutano wa afya ya jamii, Alhamisi ya wiki ijayo, hoteli kubwa mjini Washington. Utafiti wetu juu ya afya ya Walatino wa mtaa wa Langley Park utasikilizwa na madaktari, maprofesa na watu wenye vitambulisho shingoni. Dakika ishirini pamoja na maswali.

Dk. Ghati, mkuu wetu, ametuita watatu. Ni Mkenya, mwanamke asiyepaza sauti hata akikasirika, kwa hiyo mtu huchelewa kujua. Akagawa kazi. Ndirangu, mratibu, atazungumza. Marisela, mama wa Kisalvador aliyepita nyumba kwa nyumba miezi saba akijaza fomu, atajibu maswali. Mimi, Kalisti Tarimo, nitabeba projekta.

Projekta!

Naandika haya nikiwa mtulivu. Fomu mia tatu na kumi na mbili nani aliziingiza kwenye kompyuta? Mimi. Ugunduzi uliowafanya watukubali ni wa nani? Wangu. Swali la kumi na nne ni la dawa za kisukari. La kumi na tano ni la pombe. Kwa wanawake wa zaidi ya miaka sitini nilikuta visanduku vyote viwili vitupu, lakini ukingoni, katikati ya maswali hayo, Marisela ameandika kwa mkono: tomo, asubuhi na jioni. Nikafungua kamusi yangu ndogo ya Kihispania. Tomo: ninakunywa. Nikajaza la pombe, ndiyo, kila siku. La dawa nikajaza hapana. Bibi arobaini na mmoja kati ya hamsini na wanane. Asilimia sabini na moja! Hakuna mtafiti aliyewahi kuliona jambo hili.

Mradi unaisha Desemba. Awamu ya pili ina nafasi moja tu ya mtafiti. Tuko wawili, mimi na Ndirangu. Marisela simhesabu, hana shahada.

Sijasikia mbeba projekta aliyepandishwa cheo.

Jumatano, 10 Oktoba

Mpango wa kwanza. Nimepita ofisini kwa Dk. Ghati, nikataja kwa huruma kwamba Ndirangu anaonekana amechoka tangu aanze mazoezi ya marathoni. Macho mekundu. Sauti inakatika. Itakuwaje akizimia jukwaani?

Dk. Ghati akanishukuru kwa kumjali mwenzangu. Akampa Ndirangu mapumziko ya mchana wa leo na wa Ijumaa. Simu zake zote zimehamishiwa kwangu. Nimepokea kumi na saba. Moja ilikuwa ya mtu wa kumuuzia viatu.

Alhamisi, 11 Oktoba

Siku ya ajabu. Ndirangu alikuja mezani kwangu, akavuta kiti, akasoma slaidi zangu polepole. Akafika kwenye ile asilimia. Akarudi nyuma. Akafika tena.

"Buda," akasema, "hii seventy-one umeicheck? Hawa si ni wale wamama wa kanisani?"

Nikamjibu kwamba takwimu haiendi kanisani. Nililipenda jibu hilo nikaliandika pembeni.

Akarudisha kiti mahali pake. Kisha akasema, sawa, basi niprezenti mimi, kwa kuwa ugunduzi ni wangu. Akaenda mwenyewe kumwambia Dk. Ghati. Bila kushurutishwa!

Nilishuku kwa dakika tano hivi. Halafu nikaelewa: ni wivu uliokata tamaa. Nimeshinda bila hata mpango wa pili, nao ulikuwa mzuri.

Dk. Ghati akaniita. Akauliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Akaangalia wasifu wangu wa kazi, pale nilipoandika Kihispania: fasaha. Akauliza, "Na Marisela amepitia?"

Nikajibu amepitia. Ni kweli tupu. Alipitia mezani kwangu saa tano asubuhi akitafuta stepla.

Jumamosi, 13 Oktoba

Idd. Naishi Laurel na Ameir wa Unguja, ambaye hupanga kumbi katika hoteli ileile ya mkutano. Leo nyumba imejaa ndugu zake. Wengine wamesali jana, wengine leo, wakabishana juu ya mwezi mpaka biriani ilipofika.

Nikaona hadhira. Nikasimama kando ya televisheni nikafanya mazoezi ya hotuba yangu yote, kwa Kiswahili, kwa faida yao. Watoto walitoka baada ya slaidi ya pili. Mmoja alisema, this is so long. Wakubwa walikula.

Bi Maryam tu, shangazi yake Ameir, ndiye aliyesikiliza mpaka mwisho. Ana miaka kama sabini. Nikaona nimfanye mfano. Nikauliza kwa heshima zote, "Shikamoo Bi Maryam. Je, wewe unakunywa?"

Ameir akaweka kijiko chini.

"Marahaba mwanangu. Mie nakunywa," akasema Bi Maryam. "Asubuhi viwili vyeupe, jioni kimoja cha njano. Nikisahau tu, kizunguzungu hicho."

Anazungumzia vidonge! Nikamweleza kwa upole kwamba utafiti wangu hauhusu vidonge, unahusu kunywa. Akasema ndiyo, anakunywa, na maji mengi. Nikamwacha. Wazee wa kwetu hawajazoea mambo ya kitaaluma.

Baadaye, tukiosha sahani, Ameir aliniambia kwamba nikimuuliza tena shangazi yake kama anakunywa, nitafute pengine pa kuishi.

Jumatatu, 15 Oktoba

Tumepangiwa chumba cha watu arobaini, kando ya jiko. Haiwezekani. Nimemwomba Ameir afungue ukuta wa kukunja ili tupate na chumba cha pili. Amesema yeye hupanga viti, hapangi mikutano. Nimeahidi kusafisha bafu peke yangu hadi mwaka mpya. Amesema ataangalia. Viti mia na hamsini!

Sasa viti vinataka watu. Kichwa chetu cha habari kilikuwa "Matumizi ya huduma za afya miongoni mwa wahamiaji wazee." Mtu gani ataacha kahawa yake kwa ajili ya hicho? Nimewaandikia waandaaji baruapepe. Sasa ni "Chupa ya Asubuhi: Ulevi wa Siri wa Bibi Wahamiaji." Wamejibu baada ya nusu saa. Wamefurahi sana.

Marisela ameomba slaidi azisome. Nimemwambia ziko kwenye kompyuta nyingine. Ameuliza ipi. Nimemwambia ile nyingine. Namjua, ataziona, atasema alilijua jambo hili tangu mwanzo, na ugunduzi utakuwa wake.

Jumatano, 17 Oktoba

Marisela ana habari njema. Padri amemwazima gari la kanisa. Kesho ataleta bibi kumi na mmoja kati ya wale waliojaza fomu, wakasikilize matunda ya muda wao. Wameshaseti nywele.

Nimefurahi. Viti kumi na moja vimepata wenyewe. Nimemwambia awaketishe mstari wa mbele.

Ndirangu aliposikia alifumba macho. Akaniuliza kama kweli Marisela ameziona zile slaidi. Nikamwambia asijali. Akaenda kumtafuta Marisela, lakini alikuwa ameshatoka kwenda kuwaambia bibi saa ya kuondoka, na simu yake haikupatikana. Wivu hauna mapumziko.

Nimekariri salamu ya Kihispania. Maneno tisa. Tai ya bluu.

Alhamisi, 18 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa nne kasoro dakika kumi. Ukumbi umejaa. Ameir amefungua ukuta, na watu wamesimama mpaka mlangoni. Kichwa cha habari kimefanya kazi yake. Dk. Ghati ameketi nyuma, anasoma ratiba, anaona kichwa hicho kwa mara ya kwanza. Hakupaza sauti. Mbele, bibi kumi na mmoja, wamevaa sweta za rangi nzuri, mikoba magotini. Marisela katikati yao, kuwatafsiria.

Saa nne kamili. Nikatoa salamu zangu za Kihispania. Bibi wakapiga makofi! Mmoja akanibariki kwa mkono. Sijawahi kupokelewa hivyo mahali popote.

Saa nne na dakika sita. Mchoro. Nguzo nyekundu ndefu: asilimia sabini na moja, kila siku, asubuhi na jioni. Ukumbi ukavuta pumzi. Nikanywa maji kidogo, kama nilivyopanga.

Marisela alikuwa akinong'ona tafsiri. Akaacha. Midomo ikabaki wazi. Kisha akawageukia bibi akawaambia, na wote kumi na mmoja wakanitazama. Hawakuonekana na hasira. Walinitazama kama daktari aliyeingia chumba cha mgonjwa asiye wake.

Profesa mwenye ndevu nyeupe akauliza ni pombe ya aina gani. Nikasema hilo linahitaji utafiti zaidi. Mwanamke wa pembeni akauliza swali lenyewe liliulizwaje. Nikafurahi, kwa sababu nakala ya fomu nilikuwa nayo. Nikasoma kwa sauti, kwa Kihispania, lafudhi safi: tomo, asubuhi na jioni.

Marisela akasimama. Akaniuliza taratibu, kama mtu anayezungumza na aliyepanda juu ya paa, "Kalisti, swali lililo juu ya maneno hayo linauliza nini?"

Nikaangalia. Nikasema linauliza juu ya dawa.

Kabla sijaendelea, bibi mmoja akainuka. Doña Hortensia, yaani Bi Hortensia, miaka sabini na minne, sweta ya zambarau, fomu namba mia na tisa. Akafungua mkoba wake. Akatoa kisanduku cha plastiki chenye vifuniko saba, kimoja kwa kila siku ya juma. Akasogea mbele na kukiinua juu, mbele ya mwanga wa projekta, hata kivuli chake kikaangukia nguzo yangu nyekundu. Akakitikisa. Vidonge vikalia.

"Tomo," akasema.

Mtu mmoja alicheka kule nyuma. Kisha mstari wake. Kisha ukumbi, na ukumbi ulikuwa na viti mia na hamsini.

Nikasema asante kwa swali zuri.

Zilibaki dakika nane. Marisela alipanda jukwaani, akashika kipaza sauti bila karatasi. Kwanza aliwaomba radhi bibi zake, kwa Kihispania, halafu akasema kwa Kiingereza mambo aliyoyaona milangoni kwa miezi saba. Nani anamsomea nani maandishi ya chupa ya dawa. Nani anakwenda kliniki kwa mabasi matatu. Profesa mwenye ndevu nyeupe akatoa kalamu akaanza kuandika. Mimi nilisimama kando nimeshika rimoti ya slaidi. Hakuna aliyeihitaji.

Walimpigia makofi wakiwa wamesimama. Wengi walikuwa wamesimama tangu mwanzo, lakini hata walioketi waliinuka.

Wakati wa kutoka Doña Hortensia alinipa mkate mtamu uliofungwa kwenye karatasi laini. Sijui kwa nini. Niliula kwenye treni ya kurudi Laurel. Ulikuwa na mdalasini.

Ijumaa, 19 Oktoba

Dk. Ghati aliniita saa tatu. Alifunga mlango. Akauliza Kihispania nilikisomea wapi. Nikasema Annandale. Akauliza chuoni? Nikasema jikoni. Nilipokuwa mwanafunzi niliosha vyombo miezi minane katika mgahawa mmoja kule, na redio ilikuwa inapiga kwa Kihispania muda wote.

Akafikiri. Kisha akauliza, "Kalisti, wewe ukiwa mgonjwa, dawa unazifanya nini?"

"Nakunywa, Daktari."

"Sasa?"

Ni jambo la kushangaza, ukilitazama vizuri. Waswahili na Wasalvador, lugha mbili zisizojuana, na wote tunakunywa vidonge.

"Na uliniambia Marisela alipitia."

Nikasema alipitia. Mezani. Saa tano.

Alivua miwani. Hakupaza sauti hata kidogo, na ningependa angepaza. Alisema amewaandikia waandaaji kwamba takwimu ile ifutwe. Alisema wale bibi walifungua milango yao kwa sababu walimwamini Marisela, na kwamba mimi nimelitumia jina la Marisela kama kitambaa cha kupangusia meza. Jumapili nitakwenda kanisani kwao kuomba radhi. Jumanne nitaanza upya fomu zote, na Marisela atakaa pembeni yangu.

Ameir ameulizwa na msimamizi wake nani alimruhusu kufungua ukuta. Amesema alidhani ni maagizo. Nimeanza na bafu.

Jumapili, 21 Oktoba

Langley Park, baada ya misa ya saa sita. Ukumbi wa chini. Nilisoma barua ya radhi aliyoniandikia Marisela, sentensi sita, bila kuongeza neno la kwangu. Nilitamani kuongeza. Marisela alikuwa amesimama karibu sana.

Bibi walisikiliza. Mmoja, mfupi, alijibu kwa maneno mengi huku akinioneshea kidole. Nikauliza amesema nini. Marisela akasema habari zimemfikia mwana wa bibi huyu huko Houston, naye amempigia simu kuuliza kama ni kweli mama yake ni mlevi. Mama amelia siku mbili.

Nikasema naomba radhi, kwa neno la Kihispania ninalolijua kweli. Nikalirudia. Yule bibi alinitazama, akachukua sahani, akanijazia wali na maharage, akanielekeza kiti. Kisha akaenda kukaa meza nyingine. Nilikula vyote.

Jumanne, 23 Oktoba

Tumeanza. Marisela anasoma, mimi naandika. Anasoma yote, hata maandishi madogo ya ukingoni ambayo nilikuwa nayaruka kwa sababu kamusi yangu ni ndogo.

Fomu namba mia na tisa, Doña Hortensia: kunywa, asubuhi na jioni, mwanzo wa mwezi kidonge kizima, mwisho wa mwezi nusu.

Nikamwambia asome tena. Akasoma tena. Akachukua nyingine: nusu baada ya tarehe ishirini. Nyingine: nusu, ili vifike. Nyingine: anagawana na dada yake.

Mpaka jioni tulikuwa tumemaliza wote arobaini na mmoja. Ishirini na sita wanakata vidonge vya kisukari katikati ili vifike mwisho wa mwezi. Nilihesabu mara tatu. Yote yalikuwa ukingoni tangu Machi, kwa wino wa bluu, mwandiko wa kusomeka kabisa.

Marisela aliweka kalamu chini, akatazama maegesho ya magari. Alisema alidhani sisi wa ofisini tumeshayaona, ndiyo maana hakuuliza. Kwa dakika nzima sikupanga jambo lolote.

Ijumaa, 26 Oktoba

Nafasi ya awamu ya pili amepewa Marisela. Nimempongeza. Nilikuwa wa tatu kumpongeza. Nilikusudia kuwa wa kwanza.

Ndirangu anahama. Kazi katika ofisi za kaunti, Upper Marlboro. Aliomba tangu Agosti. Maana yake wiki ile nzima hakuwa anashindana nami. Nimeona si heshima, kumwacha mtu ashindane peke yake.

Mimi nabaki mpaka Desemba, chini ya Marisela. Baada ya hapo, amesema Dk. Ghati, tutaona. Marisela amependekeza nibaki. Anasema nachapa haraka.

Jumatano, 31 Oktoba

Kuna mkutano mwingine, Baltimore, mwezi Machi. Muhtasari unatakiwa leo kabla ya saa kumi na moja jioni. Ni juu ya vidonge vinavyokatwa nusu. Marisela ameuandika vizuri sana, lakini yuko Langley Park mpaka usiku, na Dk. Ghati yuko kikaoni. Marisela alinipigia simu nijaze fomu ya waandaaji kwenye mtandao. Nisibadilishe kichwa cha habari. Nisibadilishe neno hata moja. Nijaze majina tu ya waandishi, kwa haki.

Nimejirekebisha. Sikugusa kichwa cha habari. Sikugusa neno.

Kwa haki, hakuna kama alfabeti. Kwa majina ya ukoo Marisela ni Aguilar na mimi ni Tarimo, lakini majina ya ukoo yana ubaridi fulani, na sisi hapa ofisini tunaitana majina ya kwanza. K ya Kalisti. M ya Marisela. N ya Ndirangu, ingawa ameondoka. Alfabeti haina upendeleo.

Tatizo lilikuwa G ya Ghati, inayoitangulia K. Nilizunguka ofisi mara mbili. Kisha nikasimama mbele ya shahada ya Dk. Ghati ukutani, nikaisoma kwa makini, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Kumbe amebatizwa Veronica.

Nimetuma saa kumi na dakika hamsini na mbili. Kisanduku cha msemaji mkuu fomu ilikijaza yenyewe: jina la kwanza kwenye orodha.